Bastola kiunoni bila holsta: jibu kwa mnunuzi wa mchele wa Ubaruku

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mnunuzi wa mpunga na mchele, shughuli zangu ziko kati ya Ubaruku, Igurusi na Mbeya mjini, na msimu wa mavuno natembea na fedha taslimu. Mwaka huu nimepata leseni ya kumiliki bastola. Ni ya kisasa, haina loki ya pembeni, ile ya kuizuia isifyatuke. Huwa naichomeka kiunoni kwa nyuma, jaketi linaifunika, na nikipanda pikipiki naihamishia kwenye mfuko wa jaketi. Rafiki yangu wa Chunya, ambaye ana silaha miaka mingi, ananiambia holsta, yaani ala ya bastola inayovaliwa kwenye mkanda, ni mapambo ya polisi na walinzi wa benki: inamtangaza mtu, na inamchelewesha kuitoa silaha akivamiwa. Mke wangu naye kila siku ananisisitiza ninunue. Je, inahitajika kweli au ni gharama tu? Na kama inahitajika, fundi viatu anaweza kunishonea?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mkeo anasema kweli, na ningependa jibu hili mlisome pamoja, maana nyumba yenye silaha inawahusu wote wanaolala humo. Mpaka utakapopata holsta, bastola yako iache kwenye sefu. Nalitanguliza hilo kabla ya maelezo yoyote kwa sababu namna unavyoibeba sasa inanitia hofu, hasa hiyo ya mfuko wa jaketi juu ya pikipiki.

Rafiki yako anaiona holsta kama chombo cha kubebea. Kubeba tu, hata kikapu kinabeba. Kazi ya kwanza ya holsta ni kuifunika triga, kile kidude kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke, ili kitu chochote kisiiguse mpaka wewe mwenyewe uamue. Kazi ya pili ni kuishikilia bastola mahali pamoja, imeelekea upande uleule, tangu asubuhi mpaka jioni, ili mkono wako usipate sababu ya kuigusa.

Hiyo ya pili watu wengi hawaijui. Nimefundisha watu silaha kwa miaka mingi, Iringa na Mbeya, na nikikutana na mtu aliyechomeka bastola kiunoni bila holsta, huwa nautazama mkono wake. Akikaa, anaisogeza. Akisimama, anaipandisha. Akishuka kwenye gari anaibana kwa kiwiko kuhakikisha bado ipo. Akiinama kusalimia wazee msibani, mkono unarudi nyuma kuishikilia. Siku nzima anaishughulikia silaha iliyojaa risasi, kupitia nguo, bila kuiona, na kila mara vidole vyake vinapita karibu na triga. Tena aliyekaa benchi la jirani ameshajua kilichomo humo. Hoja ya rafiki yako kwamba holsta inamtangaza mtu imegeuka juu chini: holsta nzuri inakaa ndani ya suruali, shati au jaketi linaifunika, na mwenye nayo anakaa ametulia kama wenzake. Kinachomtangaza mtu ni huko kujishikashika.

Sasa tuje kwenye triga yenyewe. Hukutaja aina ya bastola, lakini bastola ya kisasa isiyo na loki ya pembeni mara nyingi ni ya mtindo ulioenezwa na Glock ya Austria tangu miaka ya 1980. Ukiitazama triga kwa mbele utaona kiulimi chembamba katikati yake. Kiulimi hicho lazima kibonyezwe pamoja na triga, la sivyo triga haiendi nyuma. Ni ubunifu mzuri: ukiigonga bastola kwa ubavu, au ikianguka, triga haijivuti yenyewe. Lakini kizuizi hicho hakina namna ya kujua kama kilichokibonyeza ni kidole chako au ni kamba ya jaketi. Nguvu inayohitajika kuivuta triga ya namna hiyo ni karibu kilo 2.5, na mwendo wake ni sentimita moja na kidogo. Kitambaa kilichokunjamana kati ya kiuno na mkanda, huku mkono wako ukiisukuma bastola chini, kinaweza kufanya kazi hiyo.

Na huku kwetu jaketi si la msimu mmoja. Kuanzia Mbeya, Makambako, Njombe hadi Mafinga, ukifika Juni na Julai watu wamejifunika mpaka masikio. Chukua jaketi lako sasa hivi, angalia upindo wake wa chini. Majaketi mengi yana kamba ya kukazia inayopita ndani ya upindo, na mwisho wa kamba kuna kibanio kidogo cha plastiki, ukubwa wake kama punje mbili za mahindi. Kibanio hicho kinapita kwenye duara linaloizunguka triga bila kugusa kingo. Kikiingia na kamba ikalala mbele ya triga, basi siku utakayoisukuma bastola chini ili ikae vizuri, kamba itakaza na kuivuta triga nyuma. Mtutu wakati huo umeelekea wapi? Kwa anayechomeka nyuma, umeelekea tako na paja lake. Ikate kamba hiyo leo, hata kabla ya kununua holsta. Jaketi halitaharibika.

Kisa kimoja kinajulikana dunia nzima, na kilimpata mtu mwenye fedha za kununua holsta yoyote aitakayo. Plaxico Burress alikuwa mchezaji nyota wa mpira wa Kimarekani katika timu ya New York Giants. Novemba 2008 aliingia klabu ya usiku mjini New York akiwa na Glock aliyoichomeka kwenye kiuno cha suruali ya michezo, hizi tunazoita traki, bila holsta. Bastola ikaanza kuteleza kuelekea mguuni. Akawahi kuidaka, kidole kikaikuta triga, risasi ikapita kwenye paja lake la kulia. Alinusurika. Lakini kwa kuwa hakuwa na kibali halali cha kuibeba huko, mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili jela. Suruali ile ilikuwa na mpira tu kiunoni, haina mkanda. Bastola iliyojaa risasi ina uzito wa karibu kilo moja, na mpira wa suruali haukutengenezwa kubeba uzito huo.

Paja, mdogo wangu, lina mshipa mkubwa wa damu. Risasi ikiukata, mtu anaweza kuisha damu kwa dakika chache. Kutoka Ubaruku mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya ni zaidi ya kilomita 100. Burress alikuwa katikati ya jiji kubwa.

Katika kisa hicho lipo jambo ambalo wanafunzi wangu nawarudishia mpaka wanalikariri: bastola ikikuponyoka, usiidake. Iache ianguke. Bastola nyingi za kisasa zimeundwa zisifyatuke kwa kuanguka, ila mkono unaodaka kitu hewani hauchagui pa kushika, na kidole huishia ndani ya duara la triga. Nasema nyingi, si zote. Baadhi ya bastola za zamani hazina kizuizi cha kuanguka, na hata mpya zimewahi kuwa na kasoro: mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza kuwafanyia marekebisho wenye modeli yake ya P320, baada ya majaribio kuonyesha kwamba inaweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani. Kwa hiyo tusitegemee tu kwamba chuma kitakuwa na huruma. Tuizuie isianguke, na kinachoizuia isianguke ni holsta iliyokaza kwenye mkanda.

Mahali inapoanguka mara nyingi ni pale watu wanapoona haya kupataja, nami nitapataja: chooni. Hasa choo cha kuchuchumaa cha stendi au gesti, ambako hakuna hata msumari wa kutundikia. Ukifungua mkanda tu, bastola iliyochomekwa haina tena kinachoishika. Itadondoka sakafuni au shimoni, au utaitoa na kuiweka dirishani, kisha utapigiwa simu na dalali wa Igurusi, utatoka haraka na kuiacha. Yote hayo yamewapata watu. Mwenye holsta anaiacha bastola ndani ya holsta yake, anaushika mkanda kwa mkono mmoja suruali ikiwa magotini, na akimaliza anapandisha vyote pamoja. Kama lazima aivue, anavua holsta na bastola yake vikiwa kitu kimoja, triga imefunikwa muda wote, na anaishikilia mkononi, haiweki popote.

Mfuko wa jaketi ni mbaya zaidi ya kiuno. Humo kuna funguo, chenji, kalamu na vocha, na bastola inajigeuza: umeiweka mtutu chini, baada ya kilomita chache za barabara ya vumbi unaikuta imelala ubavu, mtutu umeelekea tumboni. Ukianguka na pikipiki, jaketi linapinduka na bastola inaruka nje, na hujui ataiokota nani. Na ukikutwa na wahalifu njiani, mkono uliotumbukia mfukoni utashika kwanza simu au funguo.

Hapo tumefika kwenye hoja ya kwamba holsta inachelewesha. Anayechomeka kiunoni asubuhi ameiweka upande wa kulia. Saa sita mchana, baada ya kupanda na kushuka maghala mawili, imeshasogea kwenye uti wa mgongo. Akiihitaji ataitafuta. Holsta inaiweka mpini palepale, kwa pembe ileile, hivyo mkono unaufikia ukiwa umeshika vizuri tangu mwanzo. Lakini nikuambie pia bila kukuficha: mfanyabiashara anayesafiri na fedha anaokolewa zaidi na kubadili njia na saa za safari, kulipa kwa simu au benki pale inapowezekana, na kutotangaza safari zake kuliko kasi ya kuchomoa. Holsta nakushauri kwa ajili ya siku zile zote ambazo hutaihitaji bastola, ambazo nakuombea ziwe siku zote za maisha yako.

Utasikia wengine wakisema, "Mimi siweki risasi kwenye chemba, kwa hiyo holsta ya nini?" Chemba ni pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Kutoweka risasi humo ni uamuzi mzuri kwa mtu mpya kama wewe, na nakushauri uanze hivyo. Hata hivyo mtu husahau. Aliikoki, yaani aliingiza risasi kwenye chemba, usiku aliposikia kishindo uani, asubuhi akaivaa akidhani chemba ni tupu. Na bastola ya chemba tupu nayo inaanguka, inaibiwa, inaonekana, inapata kutu. Wenye bastola zenye loki ya pembeni nao wasijiamini kupita kiasi: loki inayosuguana na jaketi na mkanda kutwa nzima inaweza kufunguka yenyewe, na hutajua mpaka uitazame.

Kisheria, wenzetu wa Afrika Kusini wameliandika waziwazi. Sheria yao ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000 inataka bastola inayobebwa hadharani iwe ndani ya holsta au chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ifunikwe isionekane, na mwenye nayo aweze kuidhibiti muda wote. Hapa kwetu unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na masharti ya leseni yako. Nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya pale Rujewa, uliza unaruhusiwa kuibeba wapi na vipi, uulize kabla ya msimu haujaanza. Askari ukimwendea na swali hukupokea tofauti na ukikutwa barabarani.

Tuseme umekubali. Ununue ipi?

Iwe imetengenezwa kwa modeli ya bastola yako. Zile laini za kitambaa zinazouzwa kama "saizi zote" ziache: hazikai kwa umbo la silaha yoyote, na kitambaa chake ni laini kiasi kwamba unaweza kuisukuma triga ukiwa nje. Kwa mizunguko yako ningechagua plastiki ngumu inayoitwa Kydex, ambayo hutumika pia ndani ya ndege. Inashika umbo, mdomo wake haujikunji, mvua haiingii ndani ya mwili wake. Ngozi nzuri ni tamu kuvaa, sikatai, na wazee wengi hawataki nyingine. Lakini ngozi ya Tukuyu wakati wa masika inaota ukungu, na ikizeeka inalegea mdomoni. Kipande kilicholegea kinaweza kukunjika na kuingia kwenye duara la triga unapoirudisha bastola, na ajali za hivyo zimetokea. Pia usiilaze bastola usiku kucha ndani ya ngozi, kwani ngozi hushika unyevu na dawa zilizotumika kuitengeneza zinaweza kula chuma. Kydex nayo ina adha yake: vumbi la mashamba ya Usangu likiingia ndani linakwangua bastola, kwa hiyo ipulize na kuipangusa mara kwa mara, na zikaze skrubu zake, maana mtikisiko wa pikipiki unazilegeza.

Ukishuka Kyela kwa biashara utalijua jasho. Chagua holsta yenye ukuta mrefu upande wa mwili, unaoitenga bastola na ngozi yako. Jasho lina chumvi, na kutu huanza mahali usipopaona, chini ya mpini na kwenye skrubu.

Kuhusu mahali pa kuivaa: usiiweke katikati ya mgongo, hasa wewe mtu wa pikipiki. Ukianguka chali utaangukia chuma juu ya uti wa mgongo. Ivae ubavuni upande wa mkono wako wenye nguvu, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Kwenye gari, mkanda wa usalama usipite juu yake. Na mkanda wako wa suruali uwe mnene na mgumu; holsta ya bei kubwa kwenye mkanda mwembamba inaning'inia tu. Katika msongamano, iwe sokoni Mwanjelwa au stendi ya Nane Nane, ukuta wa watu unakusukuma pande zote, hivyo ni lazima holsta iibane bastola kiasi kwamba mtu mwingine akivuta kwa pembe ya ajabu isitoke.

Ikifika, usiivae kabla ya kuijaribu. Toa magazini, yaani kile kibeba risasi kinachoingia kwenye mpini, vuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, tazama chemba, ingiza ncha ya kidole uhakikishe kwa kugusa pia. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Kisha chomeka bastola kwenye holsta, ukaigeuze juu ya kitanda mdomo ukiwa chini, uitikise kwa nguvu. Isidondoke. Bonyeza kwa kidole upande wa nje mahali triga ilipo; usihisi chochote kikisogea. Chomoa, halafu irudishe kwa mkono mmoja tu. Kama mdomo wa holsta umejifunga na unahitaji mkono wa pili kuufungua, hiyo haifai, kwa sababu mkono huo wa pili utakuwa mbele ya mtutu.

Kuirudisha bastola ndiko kunakojeruhi wengi, kuliko kuichomoa. Hakuna anayekukimbiza wakati huo. Kidole kinyooshe ubavuni mwa bastola, mbali na triga. Inua jaketi na shati kwa mkono mwingine mpaka juu, tazama kwa macho mdomo wa holsta, kisha shusha taratibu. Ukihisi kitu kinazuia, simama. Itoe, uangalie ni nini. Usisukume. Ile kamba ya jaketi niliyokueleza, hapa ndipo inapopenda kuingia.

Kwa mkeo: kama siku moja atafikiria kukubebea kwenye pochi yake, asifanye hivyo. Leseni ni ya jina lako, kwanza. Pili, pochi huwekwa kwenye kiti, kwenye toroli, kwenye mkeka, na watoto huzifungua wakitafuta pipi. Desemba 2014, katika jimbo la Idaho, Marekani, mama mmoja aliuawa ndani ya duka na mtoto wake wa miaka miwili aliyeitoa bastola kwenye mkoba wa mama yake. Mkoba ule ulikuwa na sehemu maalumu yenye zipu kwa ajili ya silaha. Zipu haikumshinda mtoto. Silaha unayoibeba ikae mwilini mwako, na isipokuwa mwilini iwe kwenye sefu, si chini ya mto wala kwenye dashibodi ya gari.

La mwisho ni fundi viatu. Anaweza, kama anajua kazi na yuko tayari kutumia ngozi nene ya ng'ombe, ile ya soli, si ya pochi. Lakini usimpelekee bastola yako na kuiacha kwenye meza yake "apimie". Huruhusiwi kumkabidhi mtu mwingine. Ukiwa nyumbani, ichore tupu kwenye boksi gumu kwa kuizungusha kalamu, ukaweke alama duara la triga lilipo, mpelekee boksi. Mwambie mshono upite karibu kabisa na duara hilo, ngozi ilifunike lote, na mdomoni aongeze tabaka la pili ili usilegee. Akimaliza, iloweke ngozi kidogo kwa maji ya uvuguvugu, ifunge bastola tupu ndani ya plastiki nyembamba, iingize, na kwa vidole gumba ikandamize ngozi kufuata umbo la chuma, hasa kuzunguka duara la triga. Ikishashika umbo toa bastola, iache ngozi ikauke kivulini siku moja au mbili. Jua la moja kwa moja litaipasua. Baada ya hapo ipitishe kwenye majaribio yaleyale ya kitandani, na ikishindwa hata moja, mrudishie fundi airudie.